Mwizi wa nane nane: jibu kwa aliyepiga Windows mara tatu na skrini ya bluu haijaondoka

Mkuu wa Mikanjuni, nimeusoma uzi wako jana usiku nikasema nisubiri nipate nafasi, maana jibu lake si la mistari miwili. Kwa waliochelewa: mdau ana kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta inafanyia kazi) GB 8, yaani vipande viwili vya GB 4 za aina ya DDR3. Kila siku inaleta skrini ya bluu, ile ya Windows kuanguka, na kila siku bluu ina jina jipya. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kivinjari nacho kinajifunga chenyewe. Amepiga Windows, yaani kuiweka upya, mara tatu, ya tatu imekwama kwenye asilimia 61. Fundi kamwambia mazabodi, ile bodi kuu, imekufa, alete hela.

Usilete hela. Bado.

Mimi ni fundi hapa hapa Tanga, kibanda changu kiko Ngamiani. Nitakujibu kwa kisa, kwa sababu hiki kisa ndicho kilichonifundisha kazi hii ya kutafuta kumbukumbu mbovu, na kabla ya kunifundisha kiliniaibisha.

Ilikuwa Januari 2016, kaskazi imekaza, joto la kukamua shati. Kuna mzee mmoja ana ghala la viungo, ananunua iliki, mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka Amani na vijiji vya Muheza. Mezani kwa karani palikuwa na kompyuta ya mtumba ya zamani, Windows 7, RAM mbili za DDR2 za GB 1 kila moja. Mkulima akileta mzigo unapanda mizani, karani anaandika stakabadhi ya karatasi yenye nakala, kisha anaingiza kilo kwenye programu ndogo ambayo mwalimu mmoja alimwandikia mzee. Programu ya kienyeji kabisa. Inasoma faili la maandishi lote, inaongeza mstari mmoja mwishoni, inaliandika faili lote upya.

Mara ya kwanza niliitwa kwa ajili ya skrini ya bluu. Nikafanya kile kile anachofanya fundi wako: sikupima kitu, nikapiga Windows, nikatia elfu ishirini mfukoni. Wiki haikuisha nikaitwa tena. Nikapuliza vumbi, nikapiga Windows tena, mara hii bure kwa sababu ya haya. Mara ya tatu sikuitwa kutengeneza kompyuta. Niliitwa niwe shahidi wa wizi.

Nilipoingia karani amekaa juu ya gunia, macho mekundu. Nikamwamkia mzee, akaitika marahaba bila kunitazama, akaniwekea mbele rundo la stakabadhi. "Wewe ndiye unayejua humo ndani. Nionyeshe huyu kijana anabadilisha saa ngapi." Alikuwa ameanza kulinganisha karatasi na kompyuta. Karatasi kilo 94, kompyuta 14. Karatasi 38, kompyuta 30. Kwa bei ya pilipili manga ya mwaka ule, kilo 80 zikipotea mtu halali.

Tukaanza moja baada ya moja, mimi nasoma kwenye skrini, karani anasoma karatasi, mzee na kikokotoo chake. Wiki tatu za kazi zilitupa makosa kumi na moja. Mzee anataja upungufu kwa sauti kama mtu anayenadi samaki: themanini. Nane. Themanini. Mia nane. Nane. Kisha akavua miwani akasema maneno ambayo nayasimulia mpaka leo: "Mwizi gani huyu anaiba kwa nane nane?"

Mpagazi mmoja mlangoni akasema labda anajiandaa na sikukuu ya wakulima. Hakuna aliyecheka, lakini mimi nilishtuka, kwa sababu nane si namba ya wezi. Ni namba ya kompyuta.

Tazama hapa. Kompyuta haiandiki tarakimu kama sisi. Kila herufi kwenye faili la maandishi kama lile ni baiti moja, na baiti ni biti nane, kila moja ama sifuri ama moja. Tarakimu 9 ni 00111001. Tarakimu 1 ni 00110001. Zipange moja chini ya nyingine, utaona zinatofautiana mahali pamoja tu, biti yenye thamani ya nane. Tarakimu 8 ni 00111000, na 0 ni 00110000. Mahali pale pale. Basi biti ile ikilazimishwa kuwa sifuri, 9 inageuka 1 na 8 inageuka 0, na tarakimu kuanzia 0 hadi 7 haziguswi, kwa kuwa kwao biti ile tayari ni sifuri. Tukarudi kwenye rundo. Makosa yote kumi na moja yalikuwa 9 iliyokuwa 1 au 8 iliyokuwa 0. Hakuna saba iliyoharibika, hakuna tano.

Kilichonimaliza zaidi ni majina. Mzee alikuwa amemgombeza kijana kwa uzembe wa kuandika, maana kwenye orodha kulikuwa na "@amisi" na "Buma". H ni 01001000, na alama ya @ ni 01000000. J ni 01001010, B ni 01000010. Biti ile ile. Mtu anayetaka kuficha kilo 80 hana sababu ya kumbatiza Hamisi jina la anwani ya barua pepe.

Usiku ule nilikwenda na nakala ya faili kibandani, nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja pamoja na nafasi yake ndani ya faili. Nikachukua nafasi za herufi zilizoharibika, nikagawanya kwa 8. Zote zilibaki 2. Hii nayo si bahati. RAM inasoma biti 64 kwa mkupuo mmoja, yaani baiti nane, na kwenye kipande cha aina ile kulikuwa na chipu nane, kila chipu inabeba baiti yake moja kati ya nane. Makosa yakiangukia baiti ya aina moja siku zote, unaelekezwa kwenye chipu moja.

Angalizo kwa wenye mashine za miaka ya karibuni: kidhibiti cha kumbukumbu siku hizi huzivuruga data kwa hesabu maalumu kabla ya kuziandika kwenye RAM, kisha huzinyoosha wakati wa kusoma. Kwa hiyo biti iliyokufa inaweza kuonekana imegeuka kwenda juu mahali hapa na kwenda chini mahali pale. Usitegemee kuona 9 inakuwa 1 vizuri vizuri kama mimi. Nafasi ya biti ndiyo utakayoiona ikijirudia, si lazima mwelekeo.

Sasa hapo ungedhani nimeshinda. Nikaichukua mashine, nikaiweka kibandani usiku, nikaiwasha kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikazunguka mara mbili kamili. Safi. Hakuna kosa hata moja. Nilikaa pale na kikombe cha kahawa najiuliza kama kijana kweli ni mwizi anayejua namba za kompyuta kuliko mimi.

Asubuhi ndipo akili ilipokuja. Kibandani usiku kulikuwa na upepo wa bahari na feni. Ghalani saa nane mchana juu kuna bati tupu, na kompyuta imebanwa kati ya ukuta na magunia. RAM inaweka kila biti kama chaji ndogo ya umeme kwenye kishimo kinachovuja. Kwa kawaida kila kishimo hujazwa upya ndani ya milisekunde 64 kabla hakijasahau, lakini joto likipanda kinavuja haraka zaidi. Chipu nzima inavumilia. Iliyochoka inasahau. Nikairudisha kompyuta pale pale kwenye magunia, nikangoja baada ya adhuhuri, nikawasha Memtest. Dakika kumi na nne, mistari myekundu.

Na mistari yenyewe ilikuwa inasoma stakabadhi za mzee. Ilitarajiwa FFFFFFFF, ikapatikana FFF7FFFF. Huo ni mwandiko wa kufupisha biti nne nne: F ni 1111, 7 ni 0111, yaani biti ya nane imeanguka. Safu ya biti zenye kosa ilisema 00080000 mstari kwa mstari, na anwani zote ziliishia na 0 au 8, hakuna iliyoishia na 4 wala C. Ukiipigia hesabu, ni baiti ya tatu kati ya nane, ile inayobaki 2 ukigawanya, na ndani yake ni biti yenye thamani ya nane. Nikamwita mzee aone. Hakuelewa FFF7, lakini alielewa ile 8 inayojirudia kwenye skrini. Akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye.

Nikazitoa RAM zote mbili, nikapima moja moja kwenye sloti ile ile, saa ile ile ya joto. Moja ilipita. Nyingine ilifeli ndani ya dakika chache. Nikaihamishia iliyofeli sloti ya pili, ikafeli tena, kwa hiyo si sloti. Ile mbovu nimeitundika kwenye msumari kibandani, ipo mpaka leo. Mzee hakumwambia kijana samahani. Aliagiza chai ya tangawizi na vitumbua, akamsogezea sahani yeye kwanza, na wenye kujua wazee wa huku wanajua hilo lina uzito gani. Mimi nilirudisha elfu ishirini.

Yaliyompata karani yule yamewahi kuipata hata serikali. Ubelgiji, Mei 2003, kwenye uchaguzi wa kura za elektroniki huko Schaerbeek, mgombea mmoja alijikuta na kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko hesabu ilivyoweza kuruhusu. Wataalamu walipekua programu na mashine, kosa halikujirudia. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe, kwa kuwa 4,096 ni thamani kamili ya biti moja, ya kumi na tatu ukihesabu kutoka kulia. Kwao ilikuwa 4,096, kwetu ilikuwa nane.

Turudi kwako mkuu. Kwa nini bluu yako inabadilisha majina? Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, na bati limetoboka juu ya chumba kimoja tu. Mwezi huu kakaa fundi cherehani, malalamiko ni vitambaa vimelowa. Mwezi ujao kahamia mwalimu, malalamiko ni madaftari. Ukisikiliza malalamiko tu utadhani ni matatizo mawili. Windows kila ikiwaka inapanga wapangaji upya: leo mahali pabovu pameangukia draiva (programu inayoendesha kifaa) ya sauti, kesho kivinjari, keshokutwa jedwali la kurasa za kumbukumbu lenyewe. Tundu ni moja, kilio ni tofauti. Ndiyo maana dalili ninayoiamini kuliko zote si jina la bluu, ni kule kuhamahama kwake. Windows kukwama kwenye 61 mara moja, na pengine 34 mara nyingine, ni dalili ya jamii hiyo hiyo: wakati wa kupiga Windows mafaili yanafumuliwa na kukaguliwa, na moja likiharibikia kwenye RAM ukaguzi unagoma.

Bluu ikiwa jina moja, faili moja, tendo lile lile kila mara, kwa mfano kila ukichomeka printa, hapo mimi naanza na draiva, RAM baadaye.

Nalisema hili kwa sababu baada ya kisa cha ghala niliingia kiburi, kila bluu nikawa naiita RAM. Nikavunjika mguu 2019. Kituo kimoja cha intaneti Chumbageni, kompyuta tatu, zote zinaleta BAD_POOL_HEADER, wakati mwingine jina jingine. Zinahamahama. Nikamwambia mwenye kituo anunue RAM. Akanunua kipande kimoja kwanza, mtu mwangalifu, tukaweka, bluu ikabaki. Memtest ilikesha kwa muda wa saa nane kwenye mashine mbili, safi, na mchana pia safi. Nilipaswa kujiuliza mapema: RAM tatu za umri tofauti zinaozaje wiki moja? Walichokuwa nacho sawa zote tatu ni kidude kipya cha waifai cha kuchomeka USB, cha bei ya chini, na draiva yake.

Kumbukumbu inaweza kuharibiwa na programu bila RAM kuwa na doa. Draiva inaomba eneo, inapewa, halafu inaandika kupita mpaka. Kila eneo lina kichwa chake mbele chenye maelezo, kwa hiyo ukipita mpaka unafuta kichwa cha jirani. Windows haioni wakati ule. Inaona baadaye, jirani anaporudisha eneo lake na kichwa kinasomeka vibaya, ndipo bluu inapopiga. Anayekutwa na maiti ni jirani, mwenye kosa keshafika Pongwe. Kwa hiyo ukifungua ripoti za bluu, zile zilizo kwenye C:\Windows\Minidump, kwa WinDbg au BlueScreenView, na ukaona zinamtaja ntoskrnl.exe, usianze kumlaumu. Huyo ndiye kiini cha Windows, ndiye aliyeokota maiti.

Dawa ya hiyo ni Driver Verifier, inakuja na Windows yenyewe, unaiita kwa kuandika verifier. Unachagua draiva zisizo za Microsoft tu na kuwasha ile sehemu ya Special Pool. Kuanzia hapo kila eneo ambalo draiva hizo zinaomba linawekwa ukingoni, mbele yake kuna ukurasa uliofungwa. Ikivuka tu, inakamatwa mkono ukiwa mfukoni. Kule Chumbageni ilichukua kama robo saa, bluu ikaja na namba D6, yaani draiva imevuka mwisho wa eneo lake, na jina la faili la waifai likaandikwa wazi. Tukatoa vile vidude, tukavuta waya. Yule mwenye kituo bado ana RAM niliyomnunulisha, sisi wawili hatuizungumzii.

Tahadhari: Verifier inaweza kufanya kompyuta ipige bluu kila ikiwaka. Ni kazi yake. Ingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, andika verifier /reset, washa upya. Usiiwashe kwenye kompyuta ya kazi mchana wa mwisho wa mwezi.

Basi kwako ningeanza hivi. Kwanza kabisa, acha kupiga Windows, na usinakili mafaili yako kwa kutumia kompyuta hiyo hiyo. Hili watu hawalielewi: picha ikipita kwenye RAM mbovu wakati inanakiliwa, inaweza kuandikwa ikiwa imeharibika na hakuna atakayekuambia. Bluu ni bahati, inakuzuia. Kinachouma ni kile kinachoandikwa kimya kimya. Toa diski, ichomeke kwenye mashine ya mtu mwingine, nakili huko. Ukitaka ushahidi wa haraka kabla ya Memtest, chukua faili kubwa kuliko RAM yako, mfano GB 10, fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Inasoma faili lote na kukupa namba ndefu, kama alama ya kidole ya faili. Rudia mara tatu. Faili halijabadilika, kwa hiyo jibu lazima liwe moja. Majibu yakitofautiana, kuna kitu kati ya diski, RAM na prosesa kinadanganya.

Kisha ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, na kama kuna XMP (mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM) au mtu alishawahi kupandisha kasi ya RAM au prosesa, rudisha mipangilio ya kiwandani. Hii inaponyesha kompyuta nyingi bila shilingi. Angalia pia umechanganya nini. DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5, ile yenye herufi L mwishoni inaweza kushuka hadi 1.35. Kwa kawaida zinakaa pamoja, lakini nimekutana na jozi za mtumba, kila moja na kampuni yake na kasi yake, ambazo kila moja peke yake ni nzima na zikikaa pamoja zinagombana.

Halafu Memtest86+. Ni ya bure, inawaka kutoka kwenye flashi bila Windows, na hilo ni muhimu kwa sababu Windows ikiwa inaendesha haiwezi kupima chumba ilicholalia. Ile ya Windows yenyewe, mdsched, nayo inajitahidi, lakini kwangu ni ya haraka haraka. Zote zina tabia moja: ikikuambia RAM ni mbovu, mwamini, ikikuambia nzima, usile kiapo. Iache ikeshe, na iache pia izunguke mchana wa joto, mahali kompyuta inapokaa kila siku, mfuniko ukiwa umefungwa. Kosa moja tu linatosha. Hakuna kosa dogo kwenye RAM, mtu asikuambie "ni makosa mawili tu kwenye GB 8".

Usisafishe kitu kabla ya kupima. Najua, sisi wa pwani chumvi inatuandama, miguu ya RAM inapata ukungu, fundi yeyote wa Tanga ana raba ya kufutia ya penseli kwa kazi hiyo. Lakini ukitoa, ukafuta, ukarudisha, na tatizo likapotea, hujui kama ilikuwa uchafu, RAM kukaa vibaya, au bahati. Pima, andika, piga picha ya skrini, ndipo ufute, upime tena. Ikipona kwa raba, ipe wiki mbili kabla hujamshukuru Mungu kwa sauti.

Ikifeli, fanya kama ghalani: kipande kimoja, sloti moja, saa ile ile ya siku, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kosa likimfuata kipande, ni RAM. Likibaki kwenye sloti, ni sloti au mazabodi. Vipande vyote vikifeli kwenye sloti zote, hapo ndipo fundi wako anaanza kuwa na hoja, ila kabla ya mazabodi azima pawa saplai ya mtu. Umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo unazichosha, na volti ikitetereka RAM nzima kabisa inaonekana mgonjwa. Tazama pia kapasita karibu na prosesa. Kichwa kikivimba kama andazi, usipoteze muda zaidi.

Wenye laptopu ambazo RAM imelehemewa kwenye bodi, msikate tamaa kama makosa yako mahali pamoja tu. Windows ina orodha ya kurasa mbovu, badmemorylist, inayowekwa kwa amri ya bcdedit, na Linux ina GRUB_BADRAM. Unaiambia isitumie chumba kile kinachovuja. Nimefanya mara mbili, moja inadunda bado, nyingine tundu lilizidi kupanuka. Ni kiraka.

Kununua, RAM za mtumba si dhambi, nusu ya mji huu inaishi nazo. Kubaliana na muuzaji kabla ya hela kutoka mkononi kwamba utaipima usiku mmoja na ikifeli unarudisha. Asiyekubali, nenda kwa mwenzake, barabara za Ngamiani zina namba na wauzaji wengi tu.

Na usione haya kwamba umepiga Windows mara tatu. Linus Torvalds, baba wa Linux, Oktoba 2022 kompyuta yake ilikuwa inaangusha programu hovyo, na mwisho akakuta ni kipande kimoja cha RAM kilichokufa baada ya miaka miwili na nusu ya kufanya kazi vizuri. Alikuwa akilalamika miaka kwamba kompyuta za kawaida zinauzwa bila ECC, ile RAM yenye biti za ziada za kujikagua na kujisahihisha. Na bado mwenyewe siku ile hakuwa nayo.

Memtest ikimaliza, itupie hapa picha ya skrini, hata ikiwa safi, na safu ya biti zenye kosa ionekane vizuri. Andika pia umepima saa ngapi. Ikiwa safi usiku na mchana, utuletee majina ya faili kutoka Minidump, tuanze na draiva. Kama uko huko huko Mikanjuni na huna flashi, pita kibandani, ninayo ya ziada, ila uje na kompyuta jinsi ilivyo, bila kusafisha kitu.